Mguu wa Kushoto

Kwa miaka tisa mguu wangu wa kushoto ulikuwa abiria. Gari letu la kila siku, Toyota IST, ni la oto, gia nne, na gari la oto halina klachi. Mguu wa kulia ndio unaohangaika na mafuta na breki. Wa kushoto niliukunja pembeni, nikaenda zangu Kariakoo kununua vitambaa na kurudi Kimara. Kazi yake mguu ule uliifanyia nyumbani, kwenye cherehani ya kukanyaga aliyoniachia mama mkwe wangu macho yake yalipoanza kufifia.

Basi jioni moja tukiwa mezani, mume wangu akaisukuma simu yake katikati, kati ya bakuli la dagaa na sahani ya mchicha. Kwenye kioo kulikuwa na gari jeusi, fupi kidogo, lenye taa za nyuma za duara ndani ya kioo cheupe.

"Altezza," akasema. "RS200. Gia sita, za mkono."

Alikuwa amelitamani tangu hajanioa. Toyota walilitoa Japani mwaka 1998, likachukua tuzo ya gari la mwaka hukohuko, na Ulaya likauzwa kwa jina la Lexus IS200. Injini iko mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Alikuwa na hesabu zake kichwani: la manyuali lina nguvu za farasi 210, la oto 200, na Altezza zile nyingine za silinda sita ni laini zaidi lakini zina 160 tu. Alizitaja kwa sauti ya mtu anayetaja majina ya watoto wake.

Mdogo wake alikuwa amekuja kutusalimu. Akaweka tonge chini. "Kaka, ukitaka gari la mbio, chukua Subaru Forester yenye tabo, ya oto. Subaru ndiyo aliyoshinda nayo Colin McRae Safari Rally ya Kenya mwaka 1997."

"Baba mdogo, gari la McRae halikuwa oto," kijana wangu wa chuo akasema.

"Na mimi si McRae. Mimi nakaa kwenye foleni saa mbili kila jioni. Mguu wangu unataka kupumzika."

Ubishi ule ulichukua siku tatu, na sitausahau, kwa sababu nyumba yangu iligeuka karakana. Mume wangu alianza kwa kuchukua sahani mbili za bati na kuzibandika mgongo kwa mgongo. "Hii ya chini inazunguka na injini muda wote. Hii ya juu imeshikana na giaboksi. Ukikanyaga klachi zinaachana. Ukiachia, zinashikana." Akazungusha ya chini, na ya juu ikaifuata. Kisha akazitenganisha kidogo tu, zikawa zinagusana na kukwaruzana, moja inazunguka na nyingine inasitasita. "Hapo," akasema, "hapo katikati ndipo dereva anapojulikana." Nililikumbuka neno hilo baadaye, siku lilipomrudia.

Binti yetu, yuko kidato cha pili, akaenda chumbani akarudi na feni. Akaiweka uso kwa uso na ile ya sebuleni, akachomoa waya wa moja, akawasha nyingine. Ile isiyo na umeme ikaanza kujizungusha polepole kwa upepo wa mwenzake. Hakuna kilichogusana na kitu. Hiyo ndiyo oto ya kawaida, akatueleza, ila badala ya upepo ni mafuta: upande wa injini unayasukuma, nayo yanausukuma upande wa giaboksi. Kwa hiyo gari la oto linaweza kusimama kwenye foleni gia ikiwa imeingia na lisizime. Kiasi fulani cha nguvu kinapotelea kwenye mafuta hayo, ndiyo maana mabingwa wa magari ya mbio waliidharau oto muda mrefu, mpaka watengenezaji walipoweka klachi ndogo ndani yake inayozifunga pande zote mbili pamoja gari likishakolea mwendo. Nilimsikiliza mwanangu nikajisikia fahari. Kwenye darasa lile la sebuleni hakuna aliyeeleza jambo vizuri kuliko yeye na feni zake mbili.

Kijana naye alikuwa na lake. Yeye alitaka Mitsubishi Lancer Evolution X, toleo lililoanza mwaka 2007, lenye klachi mbili ndani ya giaboksi moja. Ufundi huo ulikuwa umefika kwa wanunuzi wa kawaida mwaka 2003 kwenye Volkswagen Golf, na Nissan wakautia kwenye GT-R mwaka uleule wa 2007. Nikamwomba aniambie kwa lugha yangu.

"Mama, ni kama msimu wa sare za shule. Wewe unashona kola, Dada amekaa pembeni ameshikilia mkono wa shati tayari. Ukimaliza kola hutafuti, unapokea tu. Klachi moja ina gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine ina ya pili, ya nne na ya sita. Gari likiwa la tatu, ya nne imeshaingia, inasubiri zamu."

Hapo nilielewa, na mpaka leo naamini hakuna gia inayobadilika kwa kasi zaidi ya hiyo kwenye magari ya mbio yanayouzwa kwa watu wa kawaida. Mkono wa binadamu hauwezi kushindana nayo. Kijana akaenda mbali zaidi, akatueleza habari za John Barnard, mhandisi aliyeitengenezea Ferrari gari la Formula 1 la mwaka 1989 lenye vitasa vya gia nyuma ya usukani, na jinsi Nigel Mansell alivyoshinda nalo katika mbio za kwanza kabisa za gari hilo, kule Brazil. Tangu hapo, mkono wa gia ulianza kuondoka kwenye magari yale.

Nikauliza habari za aina ya nne ya giaboksi, isiyo na gia kabisa, maana jirani yetu alikuwa na gari la namna hiyo na giaboksi yake ilikufa. Mume wangu akanionyesha cherehani. Mkanda wa ngozi unatoka gurudumu kubwa la chini, unapanda hadi dogo la juu. Sasa fikiria magurudumu hayo yanaweza kutanuka na kusinyaa yenyewe mkanda ukiwa unakimbia. Ndipo unapopata giaboksi isiyo na ngazi. Subaru walianza kuiweka kwenye Legacy mwaka 2009, wakitumia mnyororo wa chuma. Mwaka 1993 timu ya Williams iliijaribu hata kwenye gari la Formula 1, na sheria za mwaka uliofuata zikaizuia. Kijana alituchezea sauti ya jaribio lile kwenye simu: injini inalia noti moja, ndefu, haipandi wala haishuki, gari linaongezeka mwendo kana kwamba halihusiani na sauti yake. Shemeji akatikisa kichwa. Mimi nilishika jambo moja la maana zaidi: giaboksi ya namna hiyo ina oili yake maalumu, na fundi akiijaza oili ya oto ya kawaida anaiua taratibu. Nikaenda kumwambia jirani jioni ileile, ingawa alikuwa ameshachelewa.

Mwisho wa yote mwenye fedha alinunua alichokitaka. Altezza ikaja nyumbani siku ya Jumamosi, ikapanda kilima chetu kwa mngurumo uliowatoa watoto wa mtaa nje, na funguo yake ikatundikwa kwenye msumari karibu na jokofu, pembeni ya funguo ya IST.

Kila nikifungua jokofu naiona. Hapo ndipo lilipoanza kuniuma. Siku tatu tulibishana ipi ina kasi, ipi inakula mafuta, ipi inaonjesha raha ya kona, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani katika nyumba hii atakayeweza kuliondoa gari lile pale lilipoegeshwa. Jibu lilikuwa mtu mmoja. Tulikuwa tumeweka ndani ya ua wetu chombo kizito kinachomtii mtu mmoja tu.

Mwezi wa tatu mvua zikanyesha. Njia yetu kutoka barabara ya lami haijawekwa kitu, ni udongo mwekundu na mawe, na boza la maji lilikuwa limekwama mbele. Mume wangu alikuwa nyuma yake kwenye mwinuko, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake. Badala ya kuvuta hendibreki na kutulia, alilishikilia gari kwa klachi: anaachia kidogo, anaongeza mafuta kidogo, linasogea shubiri, linarudi shubiri. Dakika zikapita. Harufu ikaanza kuingia. Mimi harufu za kuungua nazifahamu, kazi yangu ina pasi. Ile ilikuwa kama kitambaa cha sufu kilichosahauliwa chini ya pasi ya mkaa, ila nzito zaidi, inakaa kooni. Boza likatoka, mume wangu akakanyaga mafuta, mshale wa injini ukaruka juu, na gari likabaki palepale.

Fundi alipoishusha giaboksi alinipa ile pleti niishike. Ilikuwa kama sahani ya chai kubwa. Uso wake ulikuwa umeungua ukawa mweusi wenye rangi ya buluu pembeni, unang'aa kama kioo, na vichwa vya ribiti vilikuwa vimekaribia kutokeza. "Hii ilishakuwa imechoka kabla hamjanunua," akasema. "Siku hiyo mmeimalizia tu." Akatufundisha kipimo ambacho ningependa kila anayenunua gari la manyuali akijue: likiwa kwenye mwendo mdogo, tia gia ya nne, kanyaga mafuta. Mshale wa injini ukipanda na gari haliongezeki, klachi inateleza, na bei ishuke au muachane. Ada ya muhula ya binti yetu ilichelewa wiki mbili kwa sababu ya pleti ile. Nilisema maneno makali ambayo nilikuja kuyaombea radhi baadaye, lakini wakati ule niliyasema.

Halafu ukaja usiku wa Bibi, yule mama mkwe wangu wa cherehani.

Mume wangu alikuwa amepanda treni kwenda Dodoma kikazi. Kijana yuko bweni. Ilikuwa saa nane usiku binti aliponigusa bega: "Mama, Bibi hapumui vizuri." Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameikaza magotini, kifua kinapiga filimbi. Pumu yake ninaijua, na nilijua hii haikuwa ya kusubiri asubuhi. Dawa ya kuvuta ilikuwa imeisha mkebe.

IST ilikuwa imeegeshwa ndani, pua imeelekea ukuta. Nyuma yake, kwenye njia ya kutokea, imesimama Altezza.

Nikachukua funguo kwenye msumari. Nilikuwa nimemtazama mume wangu mara nyingi kiasi cha kujua kwamba klachi inakanyagwa kwanza, basi nikakanyaga, nikawasha, nikatafuta rivasi kwa mkono unaotetemeka. Nikaachia mguu. Gari likatikisika, likazima. Nikawasha tena, likazima tena. Mara ya tatu niliongeza mafuta kwa hasira, na kumbe gia niliyokuwa nimeingiza ilikuwa ya kwanza. Likaruka mbele, likaigonga IST kwenye bampa, na kioo cha taa ya nyuma kikamwagika chini. Katika kimya kilichofuata nikasikia filimbi ya kifua cha Bibi kupitia dirishani.

Binti hakusubiri kuambiwa. Alikimbia peku hadi kijiwe cha bodaboda na kurudi na vijana wawili. Mmoja akaingiza mkono ndani, akaitoa gia, akaweka frii, akashusha hendibreki. Wakashika boneti, mimi na binti tukashika pembeni, tukalisukuma Altezza hadi njiani. Haikuchukua hata dakika moja. Nilisimama kwenye udongo ule na ndara zangu nikitazama gari ambalo lilikuwa limenizuia kama ukuta, na kumbe likiwekwa frii ni mkokoteni tu. Ningekuwa nimelifanya hilo mwenyewe, peke yangu na mtoto, laiti mtu angeniambia mchana mmoja, kwa sentensi moja.

Tuliwahi. Bibi aliwekewa mashine ya kuvuta dawa, na alfajiri alikuwa anauliza kama kuku wamefunguliwa.

Mume wangu aliporudi aliikuta taa imevunjika na mimi sisemi. Alikaa mbele ya mama yake muda mrefu. Kisha akaja chumba cha cherehani, akasimama mlangoni.

"Nitaliuza."

"Huliuzi," nikamwambia. "Unanifundisha."

Alijaribu jioni mbili. Ni mtu mpole, lakini kila gari lilipozima sauti yake ilipanda ngazi moja, na mimi sijifunzi nikiwa nafokewa. Jioni ya pili nikamrudishia funguo bila ugomvi, nikaenda kwa mzee jirani ambaye aliendesha malori ya Tunduma zaidi ya nusu ya maisha yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilisikia habari za usiku ule. Nimekusubiri uje."

Jumapili asubuhi tulikwenda uwanja wa mpira wakati bado hauna watu. Siku nzima ya kwanza alinikataza kugusa mafuta. Mguu wa kulia aliuambia ukae sakafuni. "Leo tunasoma na mmoja tu," akasema. "Achia klachi kama unavyomwachia mtoto anayejifunza kutembea. Usimsukume wala usimtupe." Nikaachia kidogo, kidogo, na mahali fulani katikati ya njia ya kanyagio nikaisikia. Injini ilishusha sauti. Kiti kikatetema kidogo chini yangu. Gari likaanza kutembea lenyewe, bila tone la mafuta nililoliongeza, taratibu kama punda aliyezoea njia.

Na mguu wangu wa kushoto ulikuwa unaijua sehemu ile. Cherehani ya kukanyaga ina tabia moja ambayo kila fundi ameilipia kwa nyuzi: ukianza kwa pupa, gurudumu linarudi kinyume, uzi unakatika, na sindano inaweza kuvunjika. Lazima uusikilize mkanda, uupe uzito mdogo, usubiri ushike ndipo ukanyage. Nilifanya hivyo kwa miaka kumi na saba. Nilipomweleza Mzee, akacheka kwa furaha akapiga goti lake. "Basi wewe umekuja na nusu ya kazi."

Wiki ya pili tukaenda kwenye vilima vya Kimara. Hendibreki juu. Achia klachi mpaka sauti izame na boneti inyanyuke kidogo kama mtu anayetaka kusimama. Ongeza mafuta. Shusha hendibreki. Gari halirudi nyuma hata kidole. Alinionyesha pia kitu kwenye IST yangu mwenyewe ambacho sikuwahi kukigusa: ile 2 na ile L chini ya D. Kwenye mteremko mrefu, akasema, usikae D ukining'inia kwenye breki, zitachemka. Shusha, injini ikushikilie. Nilikuwa nimeendesha gari lile miaka tisa nikitumia herufi tatu.

Tulikuja kuandika utaratibu, ukabandikwa juu ya jokofu: IST ndiyo inayolala nje, Altezza ndani, na kila mwenye umri wa kuelewa, hata binti, ajue kuweka frii na kushusha hendibreki. Hilo lilikuwa muhimu kuliko mjadala wote wa sahani na feni.

Kijana bado anashikilia klachi zake mbili. Akipiga simu ananikumbusha kwamba Altezza ya baba yake haiwezi kuifikia Evolution X kwenye kubadilisha gia, na ni kweli, sibishani naye. Shemeji naye ana haki kwenye foleni. Siku za Kariakoo mimi naendelea kuchukua IST, na mguu wangu unapumzika. Lakini kama mtu atanunua gari la mbio kwa ajili ya kulipenda, ningempa la manyuali, na ningempa pamoja na Jumapili kumi za uwanjani, yeye na mwenzake wa ndani. Gari lile linazungumza na nyayo. Sijakutana na oto iliyowahi kuniambia kitu kwa njia hiyo.

Desemba tulikwenda Iringa, kwao mume wangu. Yeye aliendesha mpaka Ruaha Mbuyuni, tukala hapo, tukanunua vitunguu, kisha akaniwekea funguo mkononi bila kusema neno na kuzunguka upande wa abiria. Bibi alikuwa nyuma na binti, mkebe mpya wa dawa mfukoni, mfuko wa vitunguu miguuni.

Kitonga inaanza bila kubisha hodi. Barabara inajikunja ubavuni mwa mlima, bonde upande mmoja, mwamba upande mwingine, na mbele yetu kulikuwa na lori la mzigo linalopanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda msikitini. Nilikuwa gia ya tatu. Nilitaka nafasi, nikasubiri, kona moja, kona ya pili. Mume wangu alikuwa ameshika mpini wa mlango, ametazama mbele, midomo ameifunga kabisa. Injini ikaanza kuzama, mtetemo ukapanda kwenye kiti.

"Mwanangu," Bibi akasema kutoka nyuma, macho yake yamefumba, "linaomba."

Nikakanyaga klachi, nikaingia ya pili.